Usukani Nautamani, Sinia Ndilo Napewa

Bibi Demetria mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika. Mie ni askari, koplo, naishi Kinondoni, nimesomea kuendesha malori makubwa na nikafaulu, na mwaka jana tulitangaziwa kwenye gwaride kwamba mwanamke sasa afanye kazi yoyote aliyosomea, mie nikalia kwa furaha, lakini kila wageni wakija afande wangu ananitoa karakana nivae kitenge niandae chai, ananiambia, "Marietha, mwanangu, mkono wako una baraka," na mie kwa heshima naitikia, maana ni mtu mzima na hajawahi kunitukana, hata tangawizi natwanga mwenyewe. Juzi wageni walikuja kukagua huohuo usawa wa wanawake na wanaume, wakanisifia sambusa. Malori yakitoka getini nasikia gia zinavyoingia, na mguu wangu unakanyaga klachi chini ya meza, Bibi, unakanyaga wenyewe. Sasa Ijumaa wanachaguliwa madereva wa msafara wa kusini, na siku hiyohiyo kuna wageni. Nikikataa chai nitaonekana sina adabu, nikikubali, lori ndo basi tena. Nifanyeje?

Marietha

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimesomewa, nikaomba irudiwe pale pa mguu na klachi.

Mie shule sikuiona hata mlango. Marehemu mume wangu alikuwa seremala hapa Keko. Nilifagia maranda miaka yote huku natamani kushika randa. Sasa randa ipo juu ya kabati, yangu peke yangu, na mkono hauna nguvu.

Sasa sikia. Afande wako si mbaya, umemdekeza. Nani anamfukuza kuku anayetaga? Na wewe umedhani kunyamaza ndiyo adabu. Jeshini mna utaratibu wa kuomba kuonana na mkubwa. Utumie kesho asubuhi. Nenda na ovaroli lako, na oili yake hivyohivyo. Piga saluti, useme: "Afande, naomba Ijumaa nijaribiwe pamoja na madereva wenzangu. Chai iwe ya zamu, wanaume nao wamo." Halafu funga mdomo, usichekecheke. Akisitasita, mkumbushe tangazo la gwaride. Akikataa, muombe ruhusa umuone aliye juu yake. Huo si utovu wa adabu, ndo ngazi zenu.

Kinu waachie wavulana, watwange. Wageni wakiuliza sambusa, waoneshe lori.

Na ukipita Keko, mwanangu, piga honi. Nitatoka nje nikuone.