Figo Niliyoiahidi Mbele ya Kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nimechoka. Wewe ulikuwa ukiniona hivi unanisogezea stuli kwanza, maswali baadaye. Tangu ututoke, huku hakuna anayenisogezea.

Niko kazini, maabara hapa Kitui, nimeketi mbele ya mashine. Unakumbuka nilipofanya kazi hii kwa mikono? Kipande cha nyama ya mgonjwa, kidogo kama punje ya wimbi, nakitoa kwenye spiriti hii nakitia kwenye ile mpaka maji yote yaishe ndani yake, kisha naingiza resini, gundi nzito kama asali, igande iwe ngumu ndipo kikatwe vipande vyembamba kwa ajili ya darubini. Nikija nyumbani Mbooni wikendi ulinusa leso yangu ukasema, "Ndunge, leo umeoga na petroli?" Siku hizi mashine inafanya yote. Inainua kikapu, inakichovya, inangoja, inahamia chupa nyingine. Wenzangu wanaisifu sana. Mimi leo naichukia, kwa sababu imeniachia mikono mitupu na muda wa kuwaza.

Ndani mna kipande cha figo ya Mutua.

Ndiyo, mwanao, yule uliyemwita "nau", yaani "baba yangu", kwa sababu alibeba jina la baba yako. Hata akiwa mtoto wa kamasi ulimpa kiti cha kwanza, nami nikanuna. Figo zake zinakufa, mama. Jumapili moja mchungaji aliuliza nani katika familia atamsaidia ndugu yetu. Kanisa zima likanigeukia. Ningemnyimaje babu yangu figo? Nikasimama, nikaahidi, wakapiga makofi na kuimba.

Halafu daktari akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyepoteza kusikia. Wuui! Nikakukumbuka ukiuza maharagwe soko la Nunguni, wateja wanapaza sauti kama wanagombana, nasi watoto tunakucheka. Tulisema ni uzee, na hukuwa mzee. Miguu ikavimba, ukasema ni kusimama sokoni. Mutua naye siku hizi lazima umpigie kelele. Daktari akasema huenda ni ugonjwa wa ukoo, na ukiwa ndio, hata mimi huenda ninao. Hapo siwezi kutoa figo kabla sijapimwa. Kipande kikishagandishwa kinaenda Nairobi, kwa darubini kubwa, waangalie ngozi nyembamba za ndani ya figo kama zimeharibika.

Nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia mchungaji. Naogopa kupasuliwa. Naogopa sana. Kuna saa naomba majibu yawe mabaya ili ahadi ile initoke mabegani, kisha naona aibu na kuomba upya. Hata Mungu sasa hajui ashike ombi lipi.

Niliiacha barua hapa kwa siku kadhaa. Leo majibu yamerudi. Ni ugonjwa wa ukoo. Ni wako, mama, na Mutua anao.

Nilidhani nitashusha pumzi. Wapi! Nilimpigia simu Mutua nikiwa nimejiandaa kujitetea, maneno nimeyapanga vizuri. Nikapaza sauti, nikamweleza yote. Akaniomba nirudie, nikarudia.

"Dada," akasema, "kwa hivyo hata wewe unaweza kuwa mgonjwa?"

"Inawezekana."

"Basi hiyo figo achana nayo. Nenda upimwe, uanze dawa mapema. Mimi walinichelewesha. Kanisani nitaongea mimi mwenyewe, wasikusumbue."

Hakuuliza atapata figo kwa nani. Nimelia mpaka walinzi wa getini wakaja kuuliza nimefiwa na nani.

Kesho asubuhi napimwa, mama. Nikiwa mzima, nitamrudia Mutua, na safari hii nitamwambia peke yake, bila kanisa wala makofi, kwa sababu sasa nataka kumpa.

Pumzika, mwaitu. Sisi bado tunahangaika huku.

Ni mimi,
kifungua mimba wako, Ndunge