Dirisha la Chumba cha Hodan

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na Garissa yote inanukia udongo uliolowa. Leo hata sisi watu wa jua tumevaa sweta.

Dada yangu Hodan alijifungua juzi juzi. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arubaini, apikiwe, atiwe joto, afukiziwe uunsi, ule uvumba wetu mtamu. Chumba chake ni cha mabati, kidogo sana. Ayeeyo, nyanya yetu, aliziba dirisha kwa blanketi upepo usimpige mtoto, akafunga mlango, kisha akawasha meko ya gesi sakafuni.

Niliingia na kitabu changu. Palikuwa patamu mno. Mvua juu ya bati, harufu ya uunsi, mtoto amekunja ngumi usingizini. Nikasoma ukurasa mmoja tena na tena. Maneno yalikuwa yanaelea, nami naelea nayo. Nikawaza, labda peponi ni hivi.

Kisha nikautazama moto. Haukuwa wa buluu. Ulikuwa wa manjano, mvivu, wenye ndimi ndefu.

Kwenye kemia tulisoma kwamba moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyonuka.

Nilijua, na bado nikanyamaza. Nani atamfundisha Ayeeyo kutunza mzazi?

"Kichwa kinaniuma," Hodan akasema, macho amefumba.

"Ni kunyonyesha huko. Lala, hooyo, lala mama," Ayeeyo akamjibu.

Nikainuka. Nikazima meko, nikang'oa blanketi, nikafungua mlango wote. Baridi ikaingia na matone yake.

"Wallahi huyu ana wazimu! Unataka kuua mtoto?"

"Ayeeyo, moto umemaliza hewa. Tutokeni nje, tafadhali."

"Vitabu vimekula akili yako!"

Lakini aliposimama aliyumba, akashika ukuta. Alimbeba mtoto mwenyewe, mimi nikamshika Hodan, tukatoka barazani. Mtoto akalia kwa hasira, na sijawahi kupenda kelele kiasi kile.

Hospitalini wametuambia tumewahi. Wote wako salama, alhamdulillahi. Sasa meko iko jikoni, na Hodan anapata joto kwa mablanketi na uji wa moto.

Ayeeyo anawasimulia wageni kwamba yeye ndiye aliyeshtuka kwanza. Nawamiminia chai, natabasamu.

Ila najiuliza: kama Hodan asingelalamikia kichwa, ningeendelea kuona haya mpaka lini?