Bendera Nyeupe Niliyokupandishia

Mpendwa shemeji Lazaro,

Tangu tufahamiane sijawahi kukuandikia barua. Ya nini, wakati kilichotutenganisha kilikuwa mto tu? Mimi nilikuwa karani wa stesheni ndogo upande huu, wewe mwenye kivuko upande ule, na ukitaka kunisema ulivuka ukaja kunisema uso kwa uso. Sasa ni miezi miwili tangu tukuzike, na nina neno nililokuficha tangu miaka ile ya sabini, reli ikiwa bado mpya. Nivumilie, nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia. Unanijua.

Unakumbuka nilivyokuja? Kijana wa Tosamaganga kwa mapadri, viatu vimepigwa rangi, shati jeupe ambalo vumbi la Usangu lililimaliza kabla ya wiki kuisha. Siku ya kwanza ulinivusha kwenye kile kivuko chako, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa mbao, wewe umesimama nyuma na upondo wako mrefu, unasukuma kama mtu anayesonga ugali wa msiba. Mimi, mtu wa milimani, nimekaa katikati, nimeng'ang'ania ubao kwa mikono yote miwili.

"Karani, achia huo ubao, utaung'oa," ulisema.

Kivuko kizima kikacheka, na dada yako Eliza aliyekuwa akifua ukingoni akacheka kuliko wote. Nilikuchukia mpaka tulipofika ng'ambo.

Treni ya kwenda Mbeya ilisimama kwetu mara mbili kwa wiki, alasiri, kwa dakika mbili tu. Watu wa upande wako walikuja kwa miguu na vikapu vya mchele kichwani, wagonjwa, akina mama na kuku wao kwapani, wakakuta imeshaondoka. Waliyemtukana ni mimi. Na aliyewachelewesha ulikuwa wewe, shemeji, wewe na huo wema wako. Ukiwa katikati ya mto, mtu akipaza sauti kutoka ukingoni, uligeuza ukamfuata. Akitokea mwingine, uligeuza tena. Nilipokujia juu ulinitazama kama mtu aliyekosa malezi.

"Sisi huku hatuachagi mtu," ulisema. "Akiita, kivuko kinarudi. Baba alikuwa anafanya hivyo, na babu pia."

"Treni haimjui babu yako."

"Basi mwambie dereva ashuke nimweleze."

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe tukaelewana juu ya bendera. Stesheni ya nyuma ilikuwa ikinipigia simu treni inapotoka kwao, nami ningepandisha kitambaa kwenye mlingoti ambao uliweza kuuona toka upande wa pili. Nyeupe maana yake treni ipo kwenye muda: ondoka sasa hivi, na usigeuze kwa ajili ya mtu yeyote. Nyekundu maana yake imechelewa: kusanya watu wako, geuza utakavyo. Uliikubali ile nyeupe kwa shingo upande, nikaona. "Utanifanya nionekane mtu mbaya," uliniambia. Lakini ulikubali, kwa sababu mimi nilikuomba.

Na ikafanya kazi. Ndani ya mwezi mmoja watu walikuwa wakifika jukwaani mapema kiasi cha kunywa maji na kupiga soga. Eliza ndiye aliyeshona zile bendera, nami nikawa navuka kila mara kumpelekea azitie viraka. "Karani, bendera gani hiyo inachanika kila Jumamosi?" uliniuliza siku moja, mbele yake, na mimi nikakosa pa kuficha uso. Huo ndio ukawa mwanzo wa ushemeji wetu.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika, mto umepanuka, kuvuka mara moja kunachukua zaidi ya nusu saa. Asubuhi alikuja mkubwa mmoja wa reli kwa gari. Kulikuwa na maneno kwamba treni isisimame tena pale kwetu, eti abiria wa kivuko hawaeleweki, naye alitumwa ajionee. Alisimama kando yangu akitazama saa yake. Simu ikalia. Treni imechelewa, wakasema, kwa karibu saa nzima.

Nilipaswa kupandisha nyekundu. Lakini nilikujua, shemeji. Ukiiona nyekundu ungetulia, ungesubiri, ungegeuza mara tatu, na yule mkubwa angeandika kwamba mambo ni yale yale. Nikamwambia simu ile ilikuwa ya kawaida tu. Nikapandisha nyeupe.

Uliondoka pale pale. Nchi ile ni tambarare, nilikuona vizuri. Ulikuwa hujafika mbali wakati mwanamke alipotokea ukingoni akipunga mikono. Upondo wako ukasimama. Kivuko kikakaa pale kidogo. Kisha ukatazama mlingoti wangu, ukaendelea kusukuma.

"Safi sana," mkubwa akasema. Nilifurahi, siwezi kukudanganya tena. Nilifurahi kabisa.

Ulishusha abiria ukakuta reli tupu, treni bado haijafika. Uligeuka mbio kumfuata yule mwanamke, maana wewe ulikuwa umemtambua. Alikuwa mama yako. Habari zilikuwa zimemfikia mchana ule, wewe ukiwa kazini, kwamba dada yake wa Ilomba, kule Mbeya, amefariki na anazikwa kesho yake. Mlikuwa katikati ya mto treni ilipoingia. Ulisukuma nusura upondo uvunjike. Dakika mbili zikaisha, mkubwa ananitazama, nikapunga bendera ya kijani ya kuiruhusu, treni ikaondoka.

Mama alipanda jukwaani taratibu. Aliketi akakifungua kitenge chake, akajifunga upya, akakuambia mrudi nyumbani. Treni nyingine ilikuwa siku tatu mbele, na mazishi ya dada yake alikuja kusimuliwa tu.

Jioni ile ulinifuata. "Karani, si tulisema nyeupe ni treni ipo kwenye muda?"

Nikakujibu kwamba simu ilichelewa kunifikia. Ukanipiga begani. "Basi, si kosa lako," ukasema, na ukaniamini kabisa. Wazee wangu walikuwa wakijiandaa kutoka Iringa kuja kumposa Eliza mwezi uleule. Niliogopa kumkosa. Hiyo ndiyo sababu, na hata leo nikiitamka naona aibu.

Treni iliendelea kusimama. Wewe ukaanza kuvusha mara mbili kila siku ya treni, mara ya kwanza mapema sana, na hukumwacha tena mtu ng'ambo hata bendera iwe ya rangi gani. Tukazeeka. Ulinibebea wanangu kwenye kile kivuko, ukawafundisha kuogelea ili wasije wakawa waoga kama baba yao. Nilikupenda, Lazaro, kuliko ndugu zangu wengi niliozaliwa nao. Nadhani ndiyo maana kila mwaka uliopita ilizidi kuwa vigumu kukuambia.

Msibani kwako msemaji alisema marehemu hakuwahi kumwacha mtu ng'ambo. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Nilimwona ameinamisha kichwa. Tangu siku ile sikulala vizuri, mpaka jana nilipopiga moyo konde nikamwendea.

Siku hizi anakaa Rujewa, macho yamepungua lakini mikono bado ina kazi. Nilimkuta akichagua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote: simu, mkubwa, bendera. Mikono ikasimama.

"Kwa hiyo alikuwa anafuata bendera yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilimwona amesimama. Alinitazama, halafu akaendelea. Miaka yote hii najua mwanangu aliniona akaniacha."

"Hukumuuliza?"

"Ningemuulizaje? Je, kama angesema ndiyo?"

Shemeji, hilo sikulijua. Siku zote nilidhani nilichomnyima ni mazishi tu. Sasa nakumbuka kwamba baada ya siku ile hakuwahi tena kukiita kivuko. Alikuja mapema kuliko wote, akakaa chini, akangoja mpaka uwe tayari. Sisi tukamsifu kwamba ni mama mwenye utaratibu. Hajui kusoma, zile bendera kwake zilikuwa vitambaa vya reli, na hakuna aliyemweleza kwamba nyeupe ilikukataza kugeuza. Wewe hukumweleza kwa sababu ungenitaja mimi. Nakujua. Ulimwambia tu kwamba muda ulikuwa umefika, ukaacha hapo.

Akaurudia mchele wake. Kisha akaniambia, "Mwandikie."

"Nani, mama?"

"Mwenyewe. Wewe si ulisomeshwa na mapadri? Mwandikie uje unisomee, nijue umeandika sawasawa. Halafu mpelekee pale alipolala."

Nikataka kumshika miguu. Akairudisha nyuma.

"Chakula kimeiva," akasema, "lakini leo nenda ukale kwako."

Tangu nimwoe Eliza sijawahi kutoka nyumbani kwa mama bila kula. Niliondoka na njaa yangu, na sikuona cha kulalamikia.

Kwa hiyo naandika. Siombi unisamehe, maana sasa huwezi kunijibu, na mimi ndiye niliyengoja hadi ikawa hivyo. Naandika kwa sababu nimetumwa, na niliyotumwa kukuambia ni haya. Hukumwacha, Lazaro. Ulikuwa unaniamini mimi. Mama yako amejua.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa Eliza