Bibi Orelia, Aliyekunywa Maziwa ya Msiba

Mwaka umetimia, Bibi Orelia, tangu asubuhi ile ulipoomba kahawa, ukaionja, ukasema haina sukari, kisha ukafumba macho. Kahawa yenyewe ilikuwa na sukari tele. Ndivyo ulivyokuwa, hukuwahi kuisifu kahawa ya mtu mwingine.

Bado mtu akifika langoni na kuita "Heshima!" tunangoja sauti yako ijibu "Taadhima!" kabla hajamaliza neno. Tunakuona ukirudi kutoka soko la Hinche, sinia tupu kichwani, mikate ya muhogo yote imekwisha, kiko mdomoni. Siagi ya karanga ya kupaka mikate, ile iliyobaki koponi, uliwagawia kwanza watoto wa jirani. Sisi wajukuu tulinuna. Ukatuambia, "Nyinyi mna mimi. Wao wana nani?"

Watoto uliwapenda kupita kiasi, na sababu tuliijua. Mwanao wa kwanza, Anseau, hakufikia kutembea. Baba yako alipofariki, kina mama wakubwa walisema msiba umeharibu maziwa yako, ukimnyonyesha utamuua. Wakakufunga matiti kwa kitambaa. Mtoto akapewa uji wa mahindi wa maji maji, akaharisha, akaisha. Hukumlaumu mtu. Hapa kwetu huzuni ikimwingia mama, maziwa ni sumu, na hakuna aliyebisha.

Kisha ikaja siku ya Yolette, mkwe wako. Alikuwa amejifungua Widelyne juzijuzi tu, ikaletwa habari kwamba kaka yake amechukuliwa na mto. Akaanguka chini kwa kilio. Kabla hajainuka, wifi yako Venise alishatoa kitambaa. Widelyne akawa anapewa maji ya sukari na biskuti iliyolowekwa. Akaanza kuharisha. Utosi ukabonyea, macho yakazama, kilio kikawa chembamba kama cha paka. Nesi Rosemene alikwishasema kwenye mkutano wa kina mama kwamba huzuni haiharibu maziwa. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakarudi nyumbani na vitambaa vyao. Na sasa mto umefurika, kituo cha afya hakifikiki.

Ukasimama katikati ya ua. "Yolette, fungua hicho kitambaa. Kamua kikombeni."

"Wee wifi, akili zimekuruka?" Venise akapiga kelele. "Unataka kumuua mtoto?"

"Nani kasema mtoto? Nakunywa mimi."

Lo! Yolette akakamua huku analia, kwenye kile kikombe chako cha bati chenye ua jekundu. Ukakipokea. Ukamgeukia wifi yako. "Nikianguka, Venise, chukua kiko changu. Umekitamani siku nyingi."

Ukanywa mpaka tone la mwisho.

Kisha ukavuta kigoda mlangoni, ukaanza kubambua mbaazi. Watu wakaja kukutazama, hata wa ng'ambo ya kilima, wengine wakijifanya wamekuja kuazima moto. Wakakaa wakingoja ufe. Venise hakutulia, kila mara anakushika paji la uso, mpaka ukamfokea: "Kama umekuja kupima jeneza, sema!" Jua lilipoinama ukakung'uta maganda, ukauliza kwa sauti, "Hivi humu ndani maiti hapewi chakula?"

Yolette hakungoja zaidi. Alimpa Widelyne titi papo hapo, mbele ya watu wote, na kitoto kikalishika kwa nguvu ambazo hatukujua kimebakiwa nazo. Wewe ukawa unamwongezea kwa kijiko maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, kama nesi alivyofundisha. Mto ulipopungua mkampeleka kituoni. Nesi Rosemene alimshika yule mtoto, akasimuliwa habari ya kikombe, akakutazama wewe, akakaa chini.

Miaka mingi baadaye Widelyne alikuuliza ulijuaje kwamba hutakufa. Ukacheka. "Nani alijua? Niliamini kama wao. Niliogopa kweli. Nikasema, nikifa, angalau tutajua. Nisipokufa, tutajua pia."

Bibi, mpaka leo tunalirudia jibu hilo. Tulidhani ulikunywa kwa sababu una uhakika. Kumbe ulikunywa ukidhani ni sumu! Moyo gani huo? Sisi tumezaliwa na mtu wa namna gani?

Sasa sikiliza hili, maana hukuwepo. Ulipofariki, Widelyne alikuwa na kichanga. Alipiga ukelele mmoja, akazimia. Alipozinduka, wanawake waliotoka mbali kuja msibani walikuwa wanatazamana, na mmoja wao ameshashika kitambaa mkononi. Safari hii msiba unaodaiwa kuharibu maziwa ni wako, na wewe umelala kwenye jeneza. Nani atakunywa?

Venise akainuka. Unayajua magoti yake. Akajikokota hadi jikoni, akarudi na kikombe cha ua jekundu, na kiko chako kinaning'inia mdomoni. Alishakichukua asubuhi, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

"Kamua, mwanangu," akamwambia Widelyne. Akatoa kiko, akanywa yote mbele ya jeneza lako, akajifuta mdomo, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. "Haya. Nikianguka, nizikeni na wifi yangu. Kiko sitoi!"

Watu walicheka kwenye msiba wako, Bibi, walicheka machozi yakiwatoka. Kitambaa hatujui kiliishia wapi. Mtoto akanyonya palepale, karibu na kichwa chako, na nyumba nzima ikamsikiliza.

Unakumbukwa na mwanao Merilus na mkewe Yolette. Wifi yako Venise, ambaye bado anavuta na bado anasema tumbaku yako ilikuwa mbaya. Mjukuu wako Widelyne na mumewe Jonel. Wajukuu wako wote, majirani, na Nesi Rosemene. Maadamu kuna mtoto anayenyonya katika ua huu, jina lako litatajwa.

Yule kitukuu wako, kichanga cha Widelyne, tulimpa jina la Anseau. Juzi aliuachia mkono wa mama yake, akaja peke yake mpaka kwenye kigoda chako. Anseau anatembea, Bibi.