Sakafu Niliyomwonyesha Mke Wangu

Tarehe 14 Machi
Leo ni miaka mitano na miezi miwili tangu niondoke nyumbani

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limetulia, na Mama hakohoi tena kama nilivyomsikia kwenye simu mwezi uliopita. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa mgongo, ambao wewe unaujua kuliko daktari yeyote, maana ndio huo huo ulionirithisha pamoja na kazi ya ujenzi.

Nakuandikia Jumapili mchana, nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nyuma ya bweni letu. Darasa la sita halikunipa mwandiko mzuri, kwa hiyo vaa miwani na usome taratibu. Mama atakuomba umsomee kwa sauti. Msomee yote, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Nianze na lile kubwa. Baba, nimeoa. Nimeoa Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi.

Najua barua umeiweka chini. Iokote tuendelee.

Tangu nilipokuwa nakuchanganyia udongo ulikuwa ukisema kwamba siku nikipata mchumba utakwenda kwao kwa miguu yako mwenyewe, hutatuma mtu. Haki hiyo nimekunyang'anya. Ndiyo maana naandika. Nataka kujua kama utampokea mke wangu kama mtoto wako, au utampokea kama mgeni niliyemleta. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwamuzi ni wewe. Lakini kwanza nisikilize.

Yeye ni mfanya usafi. Sisi mafundi wa vigae tukimaliza jengo, wao ndio huingia kukwangua saruji na kusugua mpaka pang'ae. Anatoka nchi ya pili kutoka kwetu, na lugha yetu anaisema vizuri, ila anaivuta kidogo mwishoni kama mtu anayefunga mlango bila haraka. Wazazi wake walishafariki. Amelelewa na shangazi yake, na shangazi huyo aliambiwa habari zetu mapema. Tulikutana miaka miwili iliyopita kwenye basi la wafanyakazi. Nililala begani kwake, nywele zimejaa vumbi la kazi. Nilipoamka alinieleza kwamba bega lake si mto, lakini alivyonisikia nakoroma aliona ni dhambi kuniamsha, na sasa kwa sababu yangu kituo chake kimepita, basi nishuke nimsindikize. Nikashuka. Nadhani moyo wangu haujapanda tena tangu siku ile.

Mashahidi wetu walikuwa wawili. Wa kwake ni mpishi wa bweni la wanawake, mama mmoja mnene mwenye huruma, ambaye ndiye aliyemshonea gauni la bluu. Wa kwangu ni msimamizi wetu wa kazi. Tunamwita Bwana Rula, kwa sababu hupima hata kipande cha mkate kabla hajakiuma. Alinipa ruhusa ya siku nzima na koti lake juu. Mikono ya koti iliishia karibu na viwiko, maana Bwana Rula hupima kila kitu isipokuwa nguo zake. Karani wa ofisi ya ndoa aliponiuliza kama naoa kwa hiari yangu, Bwana Rula akadakia kwamba hiari ipo tele, kwa miaka miwili sijanyoosha mstari hata mmoja kwa kumwaza huyu dada. Karani akamwambia shahidi hujibu anapoulizwa. Mpishi akacheka mpaka karani naye akashindwa kujizuia. Tukatia sahihi. Kwa muda ambao ndoo ya saruji haijaganda, tulikuwa tumeshakuwa mume na mke.

Mashahidi walirudi kazini, tukabaki sisi wawili kwenye ngazi za ofisi, na siku nzima mbele yetu, na mji.

Baba, mji huu mimi niliujua kwa ghorofa. Nimeutazama kupitia madirisha ambayo hayajawekwa vioo, nikapiga magoti, nikaupa mgongo. Mke wangu aliujua kwa vumbi lake. Kwa hiyo tulisimama pale kama watu walioshuka jana. Akasema leo hatuulizi njia, tunafuata kelele.

Tukazifuata. Tuliingia soko la maua ambalo sikujua lipo, mtaa mmoja tu kutoka jengo nililofanyia kazi miezi minane. Muuza maua mmoja alimwona na gauni lake, akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukageuka. Watu wakapiga makofi, madereva wakapiga honi, na wapiga tarumbeta wanne waliokuwa kona wakakatiza wimbo wao wakatupigia mwingine. Nilitaka kujificha. Mke wangu akaniambia nitoe kichwa kwenye koti la watu, kwani nimeiba nini? Tukacheza, Baba, katikati ya barabara. Tulikula mkate wa moto tukiwa tumesimama. Tulisimama darajani kuutazama mto ambao kwa miaka mitano nimeuvuka kila siku nikiwa usingizini. Ni mkubwa, una rangi ya chai ya maziwa, na watu hukaa kando yake bila kazi yoyote, wanautazama tu.

Halafu nikampeleka maktaba kuu. Nakiri nilitaka kusifiwa. Sakafu ya ukumbi wa kusomea niliitandika mimi, kabla sijamfahamu, na nilijua yeye alifanya usafi humo mwaka uliofuata. Ila sote tuliingilia mlango wa nyuma, mimi na mzigo, yeye na ndoo. Alhamisi tukaenda mlango wa mbele. Mlinzi akauliza kama tuna kadi. Mke wangu akamjibu kwamba huyu bwana ndiye aliyeiweka sakafu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiosha, kwa hiyo atuonyeshe mtu mwenye kadi kubwa kuliko hiyo. Mlinzi akacheka, akafungua mlango, akatuomba tusipige kelele.

Ungeiona sakafu ile. Mistari inatoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho, hatua sitini, haikengeuki hata unene wa uzi. Nilimwambia mke wangu kwamba baba yangu ndiye aliyenifundisha kuvuta kamba na kuiamini kuliko macho. Nilivimba kama andazi. Yeye akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaenda moja kwa moja hadi nguzo ya tatu, akavua kiatu, akapapasa kwa kidole cha mguu. Pale kuna kigae kimoja kilichoinuka unene wa ukucha. Dekio lake lilinasa pale kila asubuhi kwa mwaka mzima, na kila asubuhi alimtukana fundi asiyemjua, yeye na mwalimu wake. Samahani, Baba, matusi hayo yalikufikia. Alicheka mpaka akaishika nguzo. Wasomaji wakainua vichwa. Nami nikacheka.

Halafu, bado anacheka, akaniuliza kama sikukiona au nilikiona.

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia nilikiona. Gundi ilikuwa mbichi, ningeweza kukibandua na kukirudishia. Lakini ilikuwa mwisho wa zamu na mkaguzi yuko mlangoni, basi nikapaka saruji nyembamba ukingoni ili kivuli kisionekane, nikanyamaza.

Akaacha kucheka. Akaniuliza ni kitu gani kingine nimepaka hivyo.

Hapa, Baba, msomee Mama polepole. Miezi minne iliyopita nilimwambia mke wangu kwamba nimekupigia simu, ukatupa baraka zako. Nilimwambia ulicheka kwa furaha na Mama alipiga vigelegele. Nikaigiza na sauti yako. Yeye ambaye hana baba alilia, akasema sasa amepata mmoja. Na wewe hukujua lolote. Tena ile karatasi ya kuonyesha kwamba sijaoa, uliyoipangia foleni siku mbili ofisi ya wilaya na goti lile, nilikudanganya kwamba mwajiri anaitaka ili anihamishe bweni. Ilikuwa ya ofisi ya ndoa. Ulibeba harusi ya mwanao kwenye bahasha, nami sikukuambia umebeba nini.

Kwa nini? Niliogopa utasema nisubiri mpaka nirudi, nami nilijijua kwamba nisingesubiri. Nikaona bora niwe mtoto ambaye hakuuliza kuliko mtoto aliyekatazwa akafanya. Hayo ni mawazo ya mwoga, sasa naona.

Nilimweleza yote, tumekaa kwenye benchi la ukumbi, kwa sauti ya chini kwa ajili ya wasomaji. Nilidhani atavua pete. Hakuvua. Alisema sahihi yake hakuiandika kwa chaki, mimi ni mume wake. Lakini hataingia nyumba iliyofunguliwa kwa baraka ambazo hakuna aliyezitoa. Tumepewa chumba cha wenye ndoa. Ufunguo uko mfukoni mwake. Ataufungua mlango siku litakapofika neno lako mwenyewe, liwe tamu liwe chungu, mradi ni lako. Na nisipige simu, niandike, kwa sababu kwenye simu mambo yakianza kuwaka moto nitasema mtandao unakatika. Ananijua.

Kisha akasimama, akavaa kiatu, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma, akasema siku haijaisha na mji bado mkubwa. Tukaendelea kutembea mpaka jua likashuka, na kila mmoja akarudi bweni lake.

Baba, nimetandika sakafu ambazo mawaziri huzikanyaga. Sijawahi kujivunia kitu kama ninavyojivunia mwanamke huyu. Kama ungechagua wewe, usingepata mwingine aliyenyooka kumshinda. Nigombeze mimi upendavyo, nimestahili. Yeye hana kosa. Nakuomba tu usichelewe kujibu, maana mwanao ni bwana harusi anayelala chumba kimoja na wanaume kumi na mmoja, na Bwana Rula kila asubuhi ananiuliza habari za ndoa.

Msalimie Mama, mwambie vigelegele nilivyomsingizia namdai bado. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia.

Mkataba wangu unaisha tarehe ya mwisho ya Julai, na sitauongeza. Jumamosi ya kwanza ya Agosti tutakuwa mlangoni pako, wote wawili, hata jibu lako likiwa baya. Hodi atapiga yeye. Amesema neno la kukuomba radhi kwa yale matusi analo lake, na hataki nimsemee.

Mimi mwanao akupendaye,
Fundi wa vigae