Akina Baba Wasubiri

Dar es Salaam,
Jumapili

Kwa mama yangu mpendwa, na kwa wewe dada Kemunto unayemsomea,

Salamu zangu ziwafikie hapo Marani mkiwa wazima. Magoti yanasemaje, mama, na baridi ya mvua hizi? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili hauna neno, ila moyo ni mzito. Kemunto, mfasirie mama polepole, usiruke kitu hata ukinionea aibu. Wala usitunge mambo yako kama ulivyofanya barua iliyopita.

Mama, unajua kwamba mimi hukaa kando ya rubani mkubwa na kumsaidia kurusha ndege. Kuna kazi nyingine ndogo ambayo sikuwahi kukueleza. Rubani akitaka kusema na abiria, hutumia kipaza sauti. Kapteni wetu ni Mzungu. Husema kwa Kiingereza, kisha hunipa mimi nirudie kwa Kiswahili. Lugha ni hizo mbili tu, za nyumbani haziruhusiwi. Mwanzoni wenzangu wa pwani walinicheka, eti Kiswahili changu kina udongo wa shamba. Nikajifunza kwa bidii mpaka wakaacha kucheka. Nilijivunia sana sauti yangu, sikufichi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka Nairobi kwenda Mombasa, kisha tuje huku Dar, na ndege ndogo. Tulipokaribia kutua, injini ya kushoto ikaanza kutoa moshi. Tulitua salama, lakini moshi ukaingia ndani, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, wenye ngazi nyembamba. Kapteni akahofia watu kukanyagana. Akasema kwa Kiingereza wanawake na watoto watoke kwanza, wanaume wabaki vitini mpaka waitwe. Akanipa kipaza sauti. Nami nikasema, "Akina mama na watoto tokeni kwanza. Akina baba wasubiri, wakae vitini mpaka waitwe."

Ndani ya ndege ile alikuwamo mama mmoja wa kwetu, Kerubo wa Magwagwa. Alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa huko Mombasa, ambako mwanawe anafanya kazi bandarini. Kiswahili alikuwa nacho kile cha sokoni, cha kuuliza bei. Sikujua kwamba yumo, kwa kuwa sisi wa mbele huingia kabla ya abiria.

Wewe mama huhitaji kuelezwa. Katika Ekegusii chetu, baba ni yule aliyekuzaa kwa uchungu. Mzazi wa kiume ni tata. Mimi mwenyewe nilikuita baba mpaka darasa la kwanza, mwalimu aliponichapa kwa kuandika "baba ananyonyesha mtoto". Fimbo ile niliisahau nikiwa na kipaza sauti mkononi.

Mhudumu wetu, dada wa Tanga, alimshika Kerubo mkono mara mbili amtoe. Mara zote mbili akajibu kwa upole, "Hapana. Wamesema baba ngoja. Mimi ni baba." Yule dada akadhani hofu imemvuruga akili, akaenda kuwashusha watoto. Moshi ukazidi. Wanaume hawakungoja kuitwa na mtu, walisukumana mlangoni wakatoka wote.

Tulipohesabu watu nje, mmoja alipungua. Mhudumu akaniambia akikohoa, "Amebaki yule bibi anayesema yeye ni baba." Mama, hapo ndipo nilipoelewa. Nilirudi ndani, nikamkuta amekaa wima, mkanda umefungwa, kopo la unga wa wimbi magotini, leso mdomoni. Nikamwita, "Baba, inchwo!" Aliposikia njoo ya kwao, aliinuka mara moja, bila swali. Chini ya ngazi ndipo akaniuliza kwa Ekegusii, "Mwanangu, sasa wametuita?"

Moshi ulikuwa umeshaingia kifuani. Alifariki hospitalini siku ya tatu.

Mwanawe alipokuja ofisini kwetu Mombasa, mkubwa wetu alimwambia kwamba mama yake alikataa kutoka. Kijana akainamisha kichwa, akasema, "Mama yangu hakuwa mkaidi." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa nimeonywa nisifungue mdomo, nami sikuufungua. Kijana akaondoka na maneno hayo, akayapeleka nyumbani pamoja na maiti. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kwa kusema, nikajikwaa tena kwa kunyamaza.

Kapteni aliniuliza mbona sikusema wanawake na wanaume. Maneno hayo nilikuwa nayo. Nilitaka ya heshima tu, mama.

Wiki iliyopita waliniletea karatasi nitie sahihi, imeandikwa kwamba abiria alikaidi amri. Nilikataa. Nikaandika kwa mkono wangu jinsi ilivyokuwa. Sasa nimeondolewa kwenye safari mpaka wakubwa waamue, na huenda nisirushe ndege tena. Naogopa, lakini chakula kimeanza kupita kooni.

Mnisalimie tata, na mwambieni asigombane na mtu kwa ajili yangu. Salamu kwa mjomba Onchari, fundi cherehani wa Nyakoe, na kwa shangazi Moraa anayetuombea kila Sabato. Kemunto, wewe nakusalimu kwa kuvumilia mwandiko huu.

Mama, nina ombi moja. Nitakuja mwisho wa mwezi nisimame mbele ya watu wa Kerubo, lakini siwezi kuingia boma lile peke yangu. Naomba unitangulie. Panda basi uende Magwagwa, uulize nyumba yenye kaburi jipya. Ukikaribishwa, usianze na pole, wala usianze na jina langu. Waambie kwanza kwamba mama yao hakumkaidi mtu. Aliambiwa asubiri, akasubiri.

Ni mimi mwanao ninayekungoja unitangulie,
Ombati