Aliyemwita Yasmini

Dunda, Bagamoyo
19 Mei 2024

Kwa kaka yangu Masoud,

Assalaam alaikum warahmatullah. Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Sophia na watoto, na kile kikohozi cha mwaka jana kimekuachia. Sisi huku hatujambo, ila mama, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kaparura, basi nivumilie.

Najua utashangaa, zama hizi nani anaandika barua. Lakini nikikupigia simu utapokea? Sophia, nilipompigia yeye, aliniambia kwamba simu yako ikilia unaitazama mpaka inyamaze yenyewe, na hata ukiitwa kwa jina sokoni huitiki mpaka ugeuke umwone anayekuita. Alikuwa akicheka, maskini, anadhani ni vituko vyako tu. Mimi sikucheka, kaka. Niliaga nikaingia chooni nikalia. Kwa hiyo nimeandika, na barua nitampa kondakta wa basi la Mtwara, kaniapia atakukabidhi mkononi.

Mama, tangu mwezi wa Ramadhani, akili inakwenda na kurudi. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Siku nyingine ananiuliza kama nimemaliza hesabu za shule, mimi mwenye binti wa kuposwa! Ya namna hiyo tunacheka naye yanapita. Lisilopita ni moja: kila chakula kikiwekwa mkekani anauliza kama Yasmini ameshakula. Mwanzoni nilikuwa namwambia, mama, Yasmini wetu alifariki pale mtoni ana miaka sita. Nikaona kila nikisema anafiwa upya, nikaacha. Siku hizi nasema ameshakula. Akitoka kwa Yasmini anakuulizia wewe, mbona Masoud haji, bado amekasirika? Hapo namwongezea mchuzi.

Jumamosi ya wiki iliyopita aliamka mapema, akaoga, akavaa doti ya kanga ambayo haijafuliwa hata mara moja, akasema nimpeleke Mbagoni. Nikamwuliza Mbagoni kufanya nini. Akasema anakwenda kumtazama mtoto. Nikajaribu kumpoza kwa chai na vitumbua, wapi! Mama wakati huo alikuwa ameshakaa kwenye bajaji ya jirani, anamwuliza dereva anangoja nini.

Hutapatambua Mbagoni, kaka. Ule msitu wetu nyuma ya minazi umekuwa hifadhi ya mji. Umezungushiwa uzio, una lango na mkata tiketi. Njia tulizopita kukata ukindu zimefyekwa zikamwagwa changarawe, zina mishale ya kukuonyesha uendako, na miti imebandikwa vibao vya majina kama watoto siku ya kwanza ya shule. Watu wanatoka Dar na makapu ya chakula kuja kupiga picha kwenye maporomoko. Maporomoko yenyewe ni yale yale, kimo cha watu wawili wakipandana mabegani, ila masika ya mwaka huu yameyajaza, yananguruma kama mwaka ule wa tisini na nne.

Kwa wageni ni mahali pa kupunga hewa. Wewe na mimi tulifundishwa vingine. Kwamba mwanzo wa njia unapiga hodi kwa Mwenembago, mwenye msitu, unangoja, ndipo unaingia. Kwamba ukishakuwa ndani jina la mtu halitajwi. Ukimtaka mwenzio unapiga makofi, ageuke akuone. Baba alikuwa akisema ni mambo ya Wakwere hayo, sisi ni watu wa dini, na akifika pale ndiye wa kwanza kupiga makofi.

Basi mama kafika langoni, kavua ndala, kapiga hodi mara tatu. Binti wa kutembeza wageni, anaitwa Nasrin, mtu wa Makurunge, mpole kweli, akamwitikia karibu mama. Mama akamtazama juu mpaka chini, akamwambia sikubishia wewe. Vijana waliokuwa nyuma yetu wakaangua kicheko. Mama hakuwajali. Alitega sikio kitambo, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akasema ahsante, akaingia.

Tukaenda polepole. Njia ni nzuri, sitasema uongo, ina kivuli na madaraja ya mbao yenye vishikio, mama anakanyaga bila kuyumba, yeye ambaye nyumbani namshika mkono mpaka uani. Nikaona ajabu moja. Nasrin akitaka kumwambia jambo mwenzake wa kazi aliyekuwa mbele, anasema, wa tatu, ngoja. Na yule anamjibu, haya, wa tano. Nikamtania, nikamwuliza kama wao ni wafanyakazi au wafungwa. Akacheka, akasema ndio utaratibu wao. Baadaye kidogo, mama alipokuwa ametangulia, akanisogelea akaniambia kwamba utaratibu huo hawakupewa na wakubwa, walijiwekea wenyewe. Mgeni akipaza jina la mwenzake kule majini, kuna siku anaitikiwa na mtu ambaye hakuja naye. Alisema huku anaangalia njia.

Tulifika majini saa saba mchana, jua linawaka, wageni wamekwenda kula. Mama akakaa kwenye benchi linaloelekea maji. Nasrin akasimama nyuma yetu kwenye daraja. Mimi nilibaki nimesimama, maana miaka thelathini nilikuwa sijatia mguu pale. Nikaliona lile jiwe la juu. Wamelizungushia kamba na kibao cha kukataza watu wasipite, na bado linang'aa kwa utelezi.

Mama akavuta pumzi akaita, kwa sauti ambayo nilidhani hana tena: "Yasmini!"

Nikataka kumziba mdomo, nikachelewa. Kutoka upande wa jiwe ikaja: "Abee."

Usiniambie mwangwi, Masoud. Mwangwi ungerudisha jina, sauti hii iliitika. Ilikuwa ndogo, nzito kidogo, kama ya mtoto mwenye ubuyu mdomoni. Unamkumbuka alivyokuwa akiitika na ubuyu mdomoni, mama anamgombeza ateme kwanza? Nikageuka kumtazama Nasrin. Alikuwa amefumba macho, ameshika kishikio cha daraja kwa mikono miwili. Mama yeye akatabasamu, akasema njoo polepole mwanangu, mawe yanateleza.

Kisha akanigeukia. Wallahi kaka, macho yalikuwa ni ya mama yule wa zamani, hayana ukungu hata kidogo. Akaniambia kwamba siku ile yeye hakumwita. Alikuwa Kaole, arusini, ameshika sinia la biriani mkononi, Kaole nzima inamwona. Akaniuliza, Dija, nani alimwita mwanangu? Nikatazama ndala zangu, nikajibu sijui, mama. Miaka thelathini ya kusema sijui, ilitoka laini tu.

Hapo ndipo nami nikaitwa.

"Dijaaa!" Sauti ya mama, kutoka nyuma ya maji. Na mama yuko kando yangu, midomo imefungwa. Unajua tulivyolelewa, ukiitwa na mkubwa unaitika na mguu uko njiani. Mguu wangu ulikwenda, kaka. Mdomo nao ukafunguka, ile abee iko kwenye ulimi, mama akanitia kiganja mdomoni akanibana kichwa kifuani kwake, kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Kiganja kilinuka mafuta ya nazi. Akanishika hivyo mpaka msitu ukanyamaza, yakabaki maji tu. Aliponiachia alikuwa ameshasahau, ananiuliza huyu binti wa watu anaumwa nini mbona analia. Nasrin ndiye aliyekuwa akilia.

Sasa nisikilize vizuri, na kama una kiti, kaa. Sauti ile niliijua. Haikuwa ya mama. Mama haburuti majina mwishoni namna ile. Anayeburuta ni mtoto anayemwigiza mama. Ilikuwa ni sauti yangu mimi, ya miaka kumi.

Unakumbuka kipaji changu cha kuigiza watu. Mwalimu wa madrasa, muuza samaki, mama akikasirika, mtaa mzima ulikuwa ukinibembeleza niwachekeshe. Umewahi kujiuliza kwa nini niliacha? Watu walidhani ni kwa sababu ya msiba. Harusi ngapi wameniomba, nikasema sauti imekufa.

Siku ile mama alituacha wewe utuangalie, wewe una miaka kumi na mitano. Ukatuchukua kukata ukindu wa mikeka yake. Ukambeba Yasmini mabegani njia nzima, mimi ukanitwisha mzigo. Ndilo kosa lako, kaka, hilo tu, na mimi nikanuna. Mlipokaa juu ya maporomoko, wewe unakata, yeye anachezea majani, nilishuka nikajificha chini nyuma ya mwamba. Nikaita "Yasminiii, njoo hapa!" kwa sauti ya mama. Nilitaka aje asimwone mama, alie kidogo, nimcheke, basi. Nilitaka hilo tu. Akaitika, "Abee mama!" Nikasikia unamwambia haya nenda, mama anakuita. Mtoto akakatiza, akapita juu ya lile jiwe badala ya kuzunguka njiani, kwa sababu ameitwa na mama na hataki kuchelewa. Niliviona viguu vyake vikiteleza. Niliviona, Masoud.

Ulimwambia baba mama alimwita ndiyo maana ukamwachia. Ulisema kweli. Watu wa Kaole wakaapa kwamba mama hakuondoka arusini tangu asubuhi mpaka jioni, nao walisema kweli. Baba akakupiga mbele ya waombolezaji akakuita muongo na muuaji. Mama akasema kule ndani kwamba hataki kukuona, na ukasikia. Wazee wakasema kijana amechezewa na Mwenembago. Na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pale pale, mtoto wa miaka kumi, nasubiri mtu aniulize. Hakuna aliyeniuliza siku zile, na walioniuliza baadaye niliwaambia sijui. Ulipochukua mfuko wako ukaondoka, nilikupa embe, ukalipokea ukanishukuru. Baba alipokufa hukuja kuzika, watu wakakusema, nami nikawa namimina kahawa.

Kwa hiyo huna wazimu, kaka. Hukuchezewa na shetani yeyote. Shetani wako ni mimi, mdogo wako. Sauti zilizobaki kule msituni sasa ni za nani, hilo sijui, na safari hii sijui yangu ni ya kweli.

Tuliporudi nyumbani nilimsubiri mama amalize sala ya alasiri, nikapiga magoti nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Alilia mpaka kanga ikalowa. Akanishika uso, akasema Masoud alikuwa anasema kweli, nami nikamfukuza. Akalala. Asubuhi nikamwekea uji, akaniuliza kama Yasmini ameshakunywa. Halafu, kwa macho yale yale ya kule mtoni, akaniuliza, nani alimwita mwanangu? Nikakaa chini nikamwambia tena. Leo ni siku ya nane. Kila siku anauliza, kila siku namwambia, kila siku analia kama ndiyo kwanza anasikia, na kila siku anamalizia kwa kukutaja wewe. Nimeamua sitasema sijui tena, hata kama itakuwa ni kila siku mpaka mmoja wetu aondoke.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitakaa nisikilize. Nakuomba uje. Mama hana muda mrefu, kaka, chakula anakionja tu, na kuna neno anataka kukwambia wewe mwenyewe wakati macho bado yanarudi. Ukishuka stendi usimwulize mtu. Njia ni ile ile, nyumba ni ile ile, ila tumeipaka chokaa ya kijani. Ukifika kwenye mwarobaini simama. Hakuna atakayekuita. Nimewakataza watoto, nimewakataza majirani. Nitatoka mwenyewe nje juani, unione uso wangu wote, na nitapiga makofi.

Nisalimie Sophia na watoto, waambie shangazi yao anawapenda ingawa hawamjui. Jirani Zuwena na mumewe Ishaka wanakusalimu, na msikitini wanakuulizia. Mama nilimsomea mwisho wa barua hii nikamwuliza kama ana salamu. Alinishika mkono wa kalamu. Akasema nikuandikie hivi: mwambie Masoud simwiti, namngoja.

Ni mimi mdogo wako,
Dija